Afande Asiye na wa Kumbeba

Nilipoajiriwa kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha habari, niliomba nipangiwe habari za polisi na mahakama. Mhariri wangu alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, baba wa mabinti watatu. Alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa, akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, saa nane za usiku pale kituoni, nani atakusindikiza?" Kazi akapewa kijana aliyeajiriwa miezi minne baada yangu. Mimi nikapewa afya, mapishi na Siku ya Wapendanao. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenishika mahali, hakuna barua yoyote iliyoandikwa. Ningetukanwa ningejua pa kuanzia. Mpaka leo nikikutana na yule mzee namwamkia kwa heshima zote, na yeye ananiombea dua.

Nimemkumbuka sana wiki hizi mbili, kwa sababu nilikuwa nasoma vitabu viwili kwa zamu, kimoja kwenye daladala, kingine kitandani. Cha daladala ni riwaya, Inner City Blues ya Paula L. Woods, iliyotoka Marekani mwaka 1999. Msimulizi wake ni Charlotte Justice, mpelelezi mweusi katika jeshi la polisi la Los Angeles. Cha kitandani ni kumbukumbu za maisha, Black and Blue, za Parm Sandhu, alizoziandika pamoja na Stuart Prebble na kutoka Uingereza mwaka 2021. Sandhu ni binti wa wahamiaji kutoka India, aliyetumikia polisi kwa takriban miaka 30 na kufika cheo cha mrakibu mkuu jijini London, ngazi moja tu chini ya makamanda. Huyu wa kubuni, yule wa nyama na damu. Wote wawili wanavaa sare, au wanabeba kitambulisho cha wale wanaovaa sare, mahali ambapo sare haikushonwa kwa vipimo vyao.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo kuhusu maneno. Huko kwao wana jina moja la kuwakusanya wanawake wote wasio wazungu, na ukilifasiri neno kwa neno unapata "wanawake wa rangi". Nimejaribu kulitumia nimeshindwa. Kwa Kiswahili mtu wa rangi ni nani, fundi anayepaka nyumba? Kila mtu ana rangi yake, hata mzungu, tena yake hubadilika akikaa juani. Nitasema mweusi nikimaanisha mweusi, Mhindi nikimaanisha Mhindi, na pale wanapolazimika kukaa pamoja nitasema wasio wazungu, nikijua kwamba namtaja mtu kwa kile asichokuwa. Hilo nalo ni sehemu ya tatizo lenyewe.

Majina ya vitabu pia yanagoma kuvuka. Kwa Kiingereza bluu ni rangi ya sare ya askari na papo hapo ni huzuni. Nyeusi na bluu zikiambatana ni rangi ya mwili uliopigwa ukavilia damu. Woods na Sandhu wote wameichezea bluu hiyo. Kwetu bluu haina huzuni yoyote, ni ya bahari na ya sare za shule. Basi nimeyaacha majina yalivyo.

Sisi tuliokulia kwenye riwaya za upelelezi za Kiswahili tuna mazoea fulani. Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla: wapelelezi wetu ni wanaume, na zaidi ya hayo hawana ofisi inayowasumbua. Hebu jiulize ni lini Joram alipangiwa zamu ya Krismasi kwa kukomolewa. Ni lini alijaza fomu ya tathmini? Nuru yupo pembeni yake, mrembo na jasiri, na hakuna mtu anayemuuliza cheo chake wala mshahara wake. Bwana Msa naye ana kiko chake na muda wake wote wa kufikiri. Siwalaumu, nawapenda. Ila nilipofungua Woods nilishtuka kuona kumbe mpelelezi anaweza kuwa mwajiriwa. Ana bosi. Ana wenzake wanaonong'ona akiingia. Ana kesi ya mauaji mezani, na ana kesi nyingine ambayo haijafunguliwa jalada na hakuna atakayeifungua.

Riwaya inaanza katikati ya moto. Tarehe 29 Aprili 1992 baraza la wazee wa mahakama liliwaachia askari wanne waliorekodiwa kwenye video wakimpiga Rodney King, na Los Angeles ikalipuka. Watu zaidi ya 50 walikufa katika siku chache. Woods anamweka Charlotte mtaani usiku wa amri ya kutotoka nje, akiwa kazini, na hapo anawakuta askari wenzake wakitaka kumpiga mwanamume mweusi aliyekamatwa nje saa zisizoruhusiwa. Mwanamume huyo ni daktari. Charlotte anaingilia kati. Jirani na hapo inapatikana maiti, na maiti hiyo ni ya Cinque Lewis, yule aliyemuua mume wa Charlotte na mtoto wao mchanga miaka mingi nyuma. Tuseme ukweli, hii ni bahati nasibu kubwa mno. Nilifunga kitabu nikacheka, konda akanitazama. Muuaji wa familia yako, kati ya mamilioni ya wakazi wa jiji lile, anaangukia kwenye lindo lako, usiku uleule, karibu na mtu uliyetoka kumwokoa! Woods ana mkono mzito kwenye mambo haya, na yatajirudia: ndugu, majirani wa zamani na mapenzi ya utotoni vinajitokeza kila njama inapohitaji kusukumwa.

Lakini rudi kwenye ile dakika ya kuingilia kati, maana ndipo thamani ya kitabu ilipo. Waandishi wengi wangempa Charlotte ushujaa: angepaza sauti, wenzake wangerudi nyuma, sisi tungepiga makofi. Woods anampa hesabu. Wale ni askari anaotegemea wamlinde kesho risasi zikirindima. Akiwazuia kwa ukali, amewachoma wenzake mbele ya raia. Akinyamaza, yule mtu chini anaweza kuishia kama King au vibaya zaidi, na yeye atarudi nyumbani kwao, kwa watu wake weusi, akiwa ameshika tochi wakati wenzake wanapiga. Katika sekunde chache inabidi atafute sauti ambayo si ya kike mno wala si ya hasira mno, sauti ya mtu anayewakumbusha taratibu tu. Mwanamke mweusi mwenye hasira tayari ana jina lake Marekani, jina lililokuwepo kabla hajazaliwa. Kwa hiyo anawaokoa watu wawili kwa mpigo, daktari na cheo chake mwenyewe, na msomaji anaona ni yupi kati yao aliyekuwa mzito zaidi kumwokoa.

Ofisini mambo yanaendelea. Kitengo chake, kile cha ujambazi na mauaji, ni cha kutamaniwa, na wanawake weusi humo wanahesabika kwa vidole. Mkubwa wake wa kazi anamsumbua kimapenzi, kwa maneno na kwa mikono inayokawia mahali isipotakiwa. Woods hafanyi jambo hili kuwa fumbo kuu la riwaya. Analiacha lizunguke kama nzi chumbani wakati watu wanajadili maiti. Charlotte anapima: akilalamika, kila kesi atakayoifunga baadaye itasemekana kafunga kwa sababu wanamwogopa. Asipolalamika, nzi yule yupo kesho. Suala hilo linavuka mpaka kitabu cha pili, Stormy Weather cha mwaka 2001, na hapo ndipo nilipomvulia Woods kofia. Riwaya ya upelelezi ina deni kwa msomaji kwamba ukurasa wa mwisho utamtaja muuaji, na Woods analipa deni hilo, sitakuharibia utamu. Ila ile kesi ya ofisini anaivusha hadi kitabu kingine ikiwa bado iko wazi. Mauaji yanapata mwisho. Kazi haipati.

Woods hakuyatoa hewani. Mwaka 1991, baada ya ile video ya King, iliundwa tume iliyoongozwa na Warren Christopher, ikasoma jumbe ambazo askari wa Los Angeles walikuwa wakitumiana kwenye kompyuta za magari ya doria. Walikuta matusi ya rangi na ya jinsia yameandikwa bila hofu, kwenye mitambo ya serikali, na watu waliojua kwamba yanahifadhiwa. Huo ndio mwaka mmoja kabla ya usiku anaouandika Woods, yaani Charlotte anafanya kazi na hao hao. Ukirudi nyuma zaidi unamkuta Georgia Ann Robinson, mwanamke mweusi wa kwanza kuajiriwa na polisi wa jiji hilo, mwaka 1919, baada ya kufanya kazi kwa kujitolea tangu 1916. Alikuwa akiwasaidia hasa wanawake na watoto waliokosa pa kwenda. Mwaka 1928 aliumizwa kichwani akiamulia ugomvi mahabusu, akapoteza macho, na kazi ikaishia hapo. Inasemekana hakuwahi kusema anajuta. Najiuliza alikuwa na nafasi ya kusema vinginevyo.

Halafu kuna kesi ya Fanchon Blake, sajini katika jeshi hilohilo, aliyeishtaki Los Angeles mwaka 1973. Wakati huo mwanamke hakuweza kupanda zaidi ya usajini, na doria ilionekana si kazi ya kumtuma mwanamke. Kwa usalama wake, unaona? Nani atakusindikiza. Shauri liliishia kwenye makubaliano ya mwaka 1980 yaliyoliweka jeshi chini ya masharti ya kuajiri wanawake, na sambamba nayo yakawepo masharti ya kuajiri watu wasio wazungu. Ilikuwa hatua kubwa, simkebehi mtu. Lakini jaribu kumtafuta Charlotte kwenye karatasi hizo. Safu moja ni ya wanawake, nayo inaweza kujaa wazungu. Safu nyingine ni ya weusi na Walatino, nayo inaweza kujaa wanaume. Jeshi linaweza kutimiza masharti yote mawili huku yeye akiwa hayupo kokote.

Jambo hili lilishawahi kusemwa mahakamani kwa sauti. Emma DeGraffenreid na wanawake wenzake weusi waliishtaki kampuni ya General Motors kwa ubaguzi, na mwaka 1976 mahakama ikawaambia kwamba hawawezi kuunganisha madai ya rangi na ya jinsia kuwa dai moja jipya. Kampuni iliajiri wanawake, ndiyo, wazungu, maofisini. Iliajiri weusi pia, wanaume, kiwandani. Basi ubaguzi uko wapi? Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo kwenye makala yake ya mwaka 1989, akatumia mfano wa njia panda: magari yanakuja kutoka pande zote, na mtu aliyesimama katikati akigongwa, ni vigumu kusema ni gari lipi hasa lililomwangusha. Mfano huo umeshatumika hadi umechakaa. Kwa askari, hata hivyo, unarudi na uhai wake, kwa sababu askari ndiye anayetumwa kusimama katikati ya njia panda. Ni kazi yake.

Siwezi kupita bila kumtaja Eleanor Taylor Bland, aliyemtangulia Woods. Dead Time ilitoka mwaka 1992, na mpelelezi wake, Marti MacAlister, mara nyingi hutajwa kuwa mpelelezi wa polisi mwanamke mweusi wa kwanza kupata mfululizo wake wa riwaya kutoka kwa mwandishi mweusi. Marti ni mjane, ana watoto, na mwenzake wa kazi, Vik, haamini kwamba upolisi ni kazi ya mwanamke. Bland anawaacha wafanye kazi pamoja mpaka heshima inajengeka polepole, kwa chai na maiti. Ni vitabu vya upole na nimevifurahia, ila sikuviamini sana. Vina imani kwamba mtu mmoja mkaidi akikujua vizuri atabadilika, na akibadilika yeye, kazi imekaa sawa. Yule mhariri wangu alinijua vizuri sana.

Sasa tuje kwa Sandhu, maana hapa hakuna wa kutubembeleza kwa hadithi.

Maisha yake kabla ya upolisi yangetosha kitabu kizima. Alikulia Birmingham, akaozeshwa akiwa na miaka 16, akaikimbia ndoa yenye mateso akiwa na mtoto mchanga, akaenda London kuanza upya. Mwaka 1989 akajiunga na polisi. Sura hizi za mwanzo zinasimuliwa kwa haraka, karibu kwa ukavu, kama mtu anayetoa maelezo kituoni: jina, umri, nilifanya hivi, nikaenda kule. Mwanzoni lilinikera. Nilitaka akae kidogo jikoni kwa mama yake, anionyeshe mlango alioutokea. Baadaye nikaelewa kwamba huyu ni mtu aliyefundishwa kwa miaka 30 kuandika maelezo yatakayosimama mahakamani. Mtindo wenyewe ni alama ya kazi iliyomlea.

Ukavu huo una gharama yake. Kitabu kinapoingia kwenye vituo vya polisi, matukio yanapangwa moja baada ya jingine kama hati ya mashtaka: dharau hii, uhamisho ule, kikao kile alichorukwa. Yote yanaaminika, na nusu yake nimesahau. Msomaji akipewa makosa 40 kwa sauti ileile, la 41 halimgusi. Mhariri mkali angemwambia chagua saba, yaliyobaki tuachie sisi tuyahisi. Na watu waliomtendea mengi hawana sura. Woods anajua kwamba msumbufu lazima awe na tai anayoipenda na namna yake ya kucheka. Wa Sandhu ni vyeo vinavyotembea. Labda wanasheria walipita na kalamu nyekundu, labda ndivyo alivyowaona, kwa hali zote msomaji anapungukiwa.

Lakini kuna kisa cha medali. Kwa kisa hiki peke yake ningekwambia ukitafute kitabu.

Uingereza wana nishani ya heshima kwa askari, ambayo wakati huo iliitwa Medali ya Polisi ya Malkia. Hauiombi. Watu wengine wanakupendekeza, wanaandika barua za kukusifu, na wewe unatakiwa ukae kimya kama bibi harusi asiyejua kinachoendelea sebuleni. Mwaka 2018 Sandhu akawekwa chini ya uchunguzi, akituhumiwa kuwahimiza wenzake waunge mkono jina lake lipendekezwe. Tuhuma ikapewa uzito wa utovu wa nidhamu uliokithiri, ule unaoweza kumfukuzisha mtu kazi. Akaondolewa kwenye majukumu yake ya kawaida, uchunguzi ukachukua karibu mwaka, mwisho ikaonekana hana kesi ya kujibu. Naye akafungua shauri la ubaguzi wa rangi na jinsia, lililoisha kwa makubaliano mwaka 2020 bila hukumu. Kufikia hapo alikuwa ameshaacha kazi.

Kiswahili kina maneno mawili yanayolieleza jambo hili kuliko ripoti yoyote niliyoisoma. Kuna kubebwa, na kuna kujipigia debe. Aliyebebwa hajipigii debe, hana haja. Kuna mkubwa anayekunywa naye Ijumaa, waliosoma naye, aliyecheza naye mpira wa kikosi. Huyo atamtaja kwenye kikao, mwingine ataitikia, barua itaandikwa, na siku ya siku mhusika atashangaa kwa dhati kabisa: jamani, mimi? Unyenyekevu wake ni wa kweli. Ameuweza kwa sababu wengine wamefanya kazi ya kiburi kwa niaba yake. Sasa chukua mtu asiye na wa kumbeba, mwanamke, Mhindi, ambaye Ijumaa anawahi nyumbani, na baa hata hivyo hakualikwa. Ana njia mbili. Akae kimya, na kimya chake kitabaki kimya. Au aseme neno, na neno hilo liitwe kujipigia debe. Sisemi alisema. Yeye anakana, na waliochunguza hawakuona kesi. Ninachosema ni kwamba tuhuma yenyewe ingekuwa vigumu kumnasa mtu anayebebwa. Haina pa kumshikia.

Hiki ndicho nilichokitafuta kwenye vitabu vyote viwili na nikakipata mahali pawili tu, kwenye hesabu za Charlotte usiku ule wa moto na kwenye kisa hiki. Tusi lina mwenyewe. Mkono uliokawia kiunoni una mwenyewe. Lakini kizuizi kinachomwangusha mtu mara nyingi ni kanuni nzuri, iliyoandikwa na watu wazuri, inayomdai kila mtu sawasawa kitu ambacho si kila mtu anacho. Ukienda kumtafuta mhalifu unamkuta mstari kwenye kijitabu cha mwongozo.

Waingereza wanalo jina la jambo hili tangu mwaka uleule Woods alipotoa riwaya yake. Februari 1999 Jaji Macpherson, aliyechunguza namna polisi wa London walivyoivuruga kesi ya kijana mweusi Stephen Lawrence, aliyeuawa na vijana wa kizungu mwaka 1993, aliandika kwamba jeshi hilo lina ubaguzi wa kitaasisi. Sandhu alikuwa na miaka kama 10 kazini. Mwaka 2023 Louise Casey akachunguza jeshi hilohilo, akalikuta bado ni hivyo, akaongeza chuki dhidi ya wanawake. Wakubwa wa jeshi walikubali matokeo, lakini wakalikwepa neno lenyewe "kitaasisi". Nawaelewa, kwa namna fulani. Ni neno linalosema kuna maiti na hakuna muuaji, na askari kitaaluma hawezi kuandika jalada la namna hiyo. Mwandishi wa riwaya za upelelezi naye ni hivyo hivyo, kwa sababu nyingine. Msomaji atadai hela yake.

Ndiyo maana simlaumu sana Woods kwa yale mapenzi ya daktari na ndugu wanaotokea kwa wakati. Alikuwa ananunua kitu kwa sarafu hiyo. Alichukua aina ya hadithi iliyojengwa kwa ajili ya mwanamume mmoja mzungu mwenye kofia, mpweke, asiyeripoti kwa mtu, akaipachika familia yenye kelele, bosi, kamati ya nidhamu na nywele zinazohitaji kutunzwa asubuhi. Hadithi ikalalamika mishononi. Kuna kurasa ambazo unasikia kabisa uzi ukikatika. Mimi nazipenda kurasa hizo kuliko zile zilizonyooka.

Kitu kimoja Sandhu anakipita haraka na nisingependa kukiacha. Kabla yake alikuwepo Sislin Fay Allen, mzaliwa wa Jamaika, muuguzi huko Croydon, aliyeona tangazo la kazi gazetini, akaomba, na mwaka 1968 akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika polisi wa London. Kwenye barua ya maombi aliandika wazi kwamba yeye ni mweusi, wasije wakapoteza muda wao. Waandishi wa habari walimwandama siku za mwanzo (sisi nasi tuna yetu ya kujibu), na barua za matusi zikamfuata kituoni. Mwaka 1972 aliacha, akarudi Jamaika na familia yake. Alifariki Julai 2021, majira yaleyale kitabu cha Sandhu kilipokuwa kinaingia madukani. Kati ya hao wawili kuna nusu karne, na ningetoa chochote kusoma kumbukumbu za maisha za huyo wa kwanza. Yeye angetuambia chumba cha chakula cha mchana kilivyokuwa, nani alivuta kiti, nani alihama meza. Hakutuachia kitabu.

Nakala yangu ya Black and Blue sasa iko kwa rafiki yangu, afande, ana miaka 14 kazini, wala sitasema wapi. Aliichukua akisema atapitia tu picha. Juzi usiku kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu kuhusu ile medali. Dakika nzima ya kwanza alikuwa anacheka. Kisha akakaa kimya, nikasikia redio ya lindoni ikikoroma nyuma yake, mtu akimwita kwa cheo chake. Akaitikia. Aliporudi kwenye simu akauliza kama ninacho bado kile kingine, cha yule mama wa Los Angeles, kile ambacho angalau mtu anakamatwa.